Paka Walionja Kwanza

Kwetu, Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayekukaribisha huonja kwanza. Akikupa pombe, hunywa funda moja mbele ya macho yako. Akikupa chakula, hukata tonge la kwanza yeye, akalimeza, ndipo akusogezee sahani. Hakuna anayeeleza sababu, kwa kuwa kila mtu anaijua. Sumu inaogopwa kuliko radi, na mtu akishashukiwa sumu, wajukuu zake huolewa kwa shida.

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, hakuonja. Alimega kipande cha mkate, akakichovya kwenye mchuzi wa samaki, akakitupa chini ya meza. Paka akala. Mama akamwangalia paka kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi ishirini, kisha akasema, "Haya. Iko salama. Mukule."

Tuliishi ukuta kwa ukuta, chini ya Arua Hill, karibu miaka minane, kuanzia mwaka 1971. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimshuku. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake, kwa sababu sikupata kuujua kwa hakika. Wengine walisema Aru, wengine Bunia, huko Kongo. Yeye akiulizwa alijibu, "Nilitoka jikoni." Ninaweza kueleza nilichokiona na nilichokisikia kupitia ukuta uliokuwa mwembamba.

Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mwanamume na viatu vya mwanamume. Tanuri lake lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa ubavu na kukandikwa udongo wa kichuguu, hata likafanana na ng'ombe aliyelala. Alfajiri aliwasha kuni ndani yake, akaziacha ziungue, akayakokota makaa nje kwa jembe bovu, akapangusa sakafu ya pipa kwa tambara bichi. Kisha aliingiza mkono mtupu na kuhesabu kwa sauti. Akifika saba bila kuutoa, moto haukutosha. Akiutoa kwenye tatu, ulizidi. Alitaka tano. Ndipo aliposukuma ndani makopo ya maziwa yenye unga ulioumuka, akafunga mlango kwa bati na udongo. Hamira ilipoadimika aliumua unga kwa machicha ya kwete, pombe yetu ya nafaka, kwa hiyo mkate wake ulikuwa na uchachu kidogo ambao watu waliuzoea hata wakaona mkate wa dukani hauna ladha.

Lakini kwa nini alikuwa na unga? Maduka ya Wahindi yalipogawiwa wakubwa na jamaa zao, ngano, sukari na sabuni viliondoka mjini kana kwamba vina miguu. Yeye hakukosa. Alisema unatoka Kongo kupitia mpaka wa Vurra. Kila mtu alijua kwamba gunia likipita Vurra hufunguliwa, huchotwa, na kushonwa upya kwa kamba ya katani. Ya kwake yalifika na mshono wa kiwandani. Niliuchunguza mshono huo mwenyewe, mara tatu, kwenye magunia aliyoyaanika uani.

Paka walikuwa watatu. Aliwaita Koplo, Sajini na Meja. Katika mji uliojaa askari, mwanamke alisimama uani mchana kweupe na kupaza sauti: "Sajini! Wacha kulala kazini!" Au: "Meja, wewe mwizi, toka kwa samaki!" Siku moja nilisikia buti zikisimama nje ya ua. Nilikuwa na koleo mkononi, sikuthubutu kuliweka chini.

"Mama, nani iko Sajini hapa?"

"Huyu wa mkia mfupi."

"Kwa nini wewe naita paka Sajini?"

"Analinda nyumba yangu. Wewe nataka nimwite raia?"

Nilisubiri kofi.

"Na ile nono?"

"Meja. Yeye nalala tu, lakini ukikanyaga mkia, utajua cheo yake."

Askari akacheka. Akapewa mkate akaenda zake. Mimi nilibaki nikijiuliza swali moja. Ni mtu gani, katika miaka ile, angeweza kufanya mzaha kama ule na kulala nyumbani kwake? Jibu nililolipata lilikuwa moja tu: mtu mwenye mgongo wa kuegemea.

Mimi ni fundi redio. Hakuna aliyenisomesha. Nilijifunza kwa vitabu viwili vilivyochakaa na redio mbovu nyingi. Kitabu kimoja kilinipa kanuni niliyoishika kama amri: chombo cha mteja kirudishwe kama kilivyoletwa. Kwa hiyo kila redio iliyoingia niliiandika katika daftari gumu lenye jalada la kitambaa chekundu. Niliandika jina la mwenyewe, mtaa wake, ubovu, na mahali mshale wa stesheni ulipokuwa umesimama ilipofika, ili nikimaliza kazi niurudishe palepale. Wateja walifurahi. Walifika nyumbani, wakawasha, wakakuta sauti ileile waliyoizoea.

Mama Mikate hakulipenda daftari hilo. Alikuwa akisimama mlangoni kwangu, unga umemfika kwenye viwiko, akitikisa kichwa. "Fundi, wewe naandika sana. Karatasi iko na mdomo."

"Ni utaratibu wa kazi, Mama."

"Mutu ya kweli iko hatari kushinda mwongo," akasema. "Mwongo, unamjua."

Maneno hayo nilidhani ni ya mtu anayenionya kwamba ninaangaliwa.

Hata hivyo tulikula kwake. Hili ni jambo ambalo vijana hawanielewi ninapowaeleza: kwamba mtu unaweza kumshuku jirani na kukaa mezani pake kila Jumamosi saa kumi. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mwalimu mmoja wa shule ya Mvara, na dereva wa lori la njia ya Koboko. Meza ilikuwa uani, chai ilikuwa ya tangawizi, na mkate ulikuwa wa moto. Mwalimu ndiye aliyetuchangamsha. Paka alipokuwa akionja, yeye alishika mshipa wa mkono wa dereva kama daktari.

"Sajini akifa, mimi sili," alisema.

"Na akipona?" dereva akauliza.

"Akipona tumpandishe cheo. Luteni Sajini."

"Ninyi mutanyongesha mimi na paka yangu," Mama akasema, lakini alimkatia Mwalimu kipande cha pembeni, kile cha ganda gumu alichokipenda. Kila nilipotazama mikono yake, ilikuwa ikigawa. Sikuona hata siku moja ikienda kinywani.

Ajabu ni kwamba kwa watu wengine aliishika desturi hiyo kwa ukali. Katika mwaka wa tatu wa ujirani wetu, dereva alitupakia wote kwenye lori lake kwenda Koboko siku ya soko. Tukaingia hoteli moja ya mabati karibu na soko, yenye benchi mbili na mlango mmoja. Mama alichagua mahali pa kukaa: mgongo ukutani, uso mlangoni. Mwenye hoteli alipoleta maharage yaliyoungwa kwa simsim, yaani ufuta, nyama na ugali wa muhogo, Mama alimwambia, "Onja."

Akaonja maharage.

"Na nyama."

Akaonja nyama.

"Na chumvi?"

"Mama," mwenye hoteli akasema, "ukiendelea hivi, mimi nashiba, nyinyi mnalipa."

Tulikuwa bado tunacheka alipoingia mtu mmoja mwenye miwani myeusi na viatu vya kisigino kirefu. Watu wa hoteli waliacha kutafuna. Yeye alinyoosha mikono yote miwili. "Mama! Mkate yangu iko wapi?"

"Iko Arua, na wewe uko Koboko. Nifanye nini?"

Akaketi kwenye benchi yetu bila kukaribishwa, akala kutoka sahani ya Mwalimu, akauliza kila mmoja wetu anafanya kazi gani. Kabla hatujafungua midomo, Mama alijibu. "Huyu nafundisha watoto kuhesabu. Huyu naendesha lori, pombe ikimruhusu. Huyu natengeneza redio, lakini hapana jua kitu."

Nilikasirika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza mambo mawili: amemjua wapi mtu yule, na kwa nini anidharau mbele yake.

Baada ya hapo mtu wa miwani alianza kuonekana Arua. Kila Jumatano gari lake lilisimama mbele ya ua wa Mama. Aliketi kwenye kiti ambacho Jumamosi kilikuwa changu, akala mkate, akaongea kwa saa nzima. Kupitia ukuta nilisikia sauti yake tu, si maneno. Mama alisikika mara chache: "Eeh," au "Ongeza chai?" Nilikuwa na hakika kwamba mwenye kuuliza maswali ni yule mwanamume, na mwenye kujibu, kwa sauti ya chini, ni yeye.

Siku moja mtu huyo alileta redio kwangu pia. Aliketi kwenye benchi wakati nikiichomea waya, akachukua daftari langu, akalifungua na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma gazeti kwa kinyozi. "Fundi," alisema, "wewe iko na mkono nzuri."

Nikamshukuru.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata Mwalimu alipochukuliwa. Walimtoa darasani Mvara na chaki mkononi. Mkewe alikuja kutuambia, viatu vyake ameshika mkononi kwa sababu alikimbia. Tuliuliza kambini, tukafukuzwa. Hatukumwona tena, wala hatukupewa cha kuzika.

Jumamosi tulikusanyika kwa Mama kwa sababu hatukujua pa kwenda. Kiti cha Mwalimu kilikuwepo. Mama aliweka mkate, akamega, akachovya, akatupa. Sajini alinusa, akageuka, akaondoka mkia juu. Mama alitupa kipande cha pili karibu na Koplo. Naye alinusa, akapiga chafya, akaenda kukaa juu ya kuni.

"Mukule tu," Mama akasema.

Dereva alisukuma sahani. Mimi niliuma mara moja. Mkate ulikuwa na harufu ya gundi na kitambaa vilivyoungua. Harufu hiyo naijua. Koni ya spika ikiungua, duka zima hunuka vile.

"Mama, nini kimeungua?"

"Tambara ya kupangusa."

Alikuwa akimimina chai, na chai ilikuwa ikiingia kwenye kisosi.

Jumatatu nilifungua duka nikakuta rafu haina daftari. Nilipekua kila mahali. Mwanamke aliyeuza nyanya ng'ambo ya barabara aliniita. "Fundi, Jumamosi asubuhi ulipokwenda sokoni kutafuta betri, Mama Mikate aliingia kwako mikono mitupu. Alitoka amejishika kitenge hivi." Akajikumbatia tumbo kunionyesha.

Nilikaa juu ya sanduku la vifaa, nikapanga ushahidi wangu kama ninavyopanga skrubu za redio, ili nisipoteze hata moja. Unga wenye mshono wa kiwandani. Paka wenye vyeo. Mkate asioula. Mtu wa miwani kila Jumatano. Mwalimu. Na sasa daftari lenye majina ya wateja wangu wote. Kila skrubu ilipata tundu lake. Nilimwambia dereva, na dereva hakuwa mtu wa kuficha neno.

Haikuchukua wiki mbili. Sinia lake la kuuzia mkate likaanza kurudi limejaa. Wanawake waliokuwa wakiazima kwake chumvi walipita upande wa pili wa barabara. Kisha mtu, sijui nani, alitupa samaki uani kwake, na Meja akakutwa amekakamaa kando ya tanuri. Mama alichimba shimo mwenyewe, kwa jembe lilelile bovu la kukokotea makaa. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akanitazama juu ya ua. Mimi nilirudi ndani.

Dereva hakuja tena siku za Jumamosi. Baadaye alihamia Koboko kabisa. Hata hivyo kila Jumamosi nilikuta mkate umefungwa kwa gazeti juu ya ukuta wangu. Sikuula. Niliutupa nyuma ya choo, kunguru wakaula. Kunguru hawakufa. Tena, tangu daftari lilipopotea, hakuna mteja wangu hata mmoja aliyechukuliwa. Mambo hayo mawili niliyaona kwa macho yangu, lakini hayakuwa na tundu, nikayaweka kando. Fundi akifunga redio na skrubu mbili zikabaki mezani, anajua kwamba amekosea mahali. Mimi nilizitia mfukoni. Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo.

Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, askari walirudi kaskazini na hasira yao, na mji ukaingia barabara ya Vurra. Watu walitembea na magodoro, mbuzi, cherehani. Mimi nilikuwa na baiskeli na sanduku la vifaa. Tulivuka mpaka, na upande wa pili, kabla ya kufika Aru, nilisikia harufu ya mkate wenye uchachu wa kwete. Niliifuata bila kujiuliza kwa nini.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kichuguu. Alikitoboa ubavuni, akakifanya tanuri. Mkono wake ulikuwa ndani. "Moja, mbili, tatu, ine, tano." Akautoa. Akaniona.

"Fundi. Umekonda."

Sajini alikuwa ndani ya kikapu, amezeeka, jicho moja jeupe. Sikusalimu. Nilisema neno nililokuwa nimelibeba muda wote huo. "Mama, daftari langu ulimpelekea nani?"

Hakushtuka. Alisukuma makopo ndani ya kichuguu, akaziba kwa jiwe, akafuta mikono. "Keti," alisema, na mimi nikaketi juu ya sanduku langu.

"Yule mutu ya miwani alikuja Ijumaa, siku moja nyuma ya Mwalimu. Alikula, akacheka. Akasema, 'Fundi yako iko na mkono nzuri. Jina iko, mtaa iko, na stesheni gani mutu nasikiliza, iko. Mimi nilishika mwalimu kwa laini moja tu. Kesho nakuja kuchukua kitabu yote.'"

Nilikumbuka mstari huo. Bado naukumbuka. Jina lake lote. Mvara. Waya wa spika umekatika. Mshale: na hapo nilikuwa nimeandika, kwa herufi zangu zilizonyooka, stesheni ya ng'ambo ambayo kuisikiliza kulimtosha mtu kupotea.

"Jumamosi ukaenda sokoni, mimi nikaingia kwako," Mama akaendelea. "Nilitaka kuchoma kabisa kabla yeye hajafika. Lakini mkate ilikuwa ndani, na gari yake ikasimama mlangoni. Nikasukuma kitabu ndani na mkate, nikafunga."

"Na yeye?"

"Nikamwambia, wakubwa yako walikuja jana usiku, walichukua. Akanyamaza. Nani nauliza wakubwa?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama unga usioumuka. "Wewe? Angekuuliza kitabu iko wapi, ungemwambia. Na kurasa ungemhesabia."

Ni kweli. Niliuliza kuhusu unga. Alisema mtu wa miwani ndiye aliyempitishia magunia Vurra bila kufunguliwa, naye alimlipa kwa mkate na chai. "Mutu akila, yeye naongea. Jumatano mimi nasikia nani iko kwa karatasi yao. Alhamisi asubuhi napeleka mkate kwa huyo mutu, namwambia, safiri. Wengine walisafiri. Laini ya Mwalimu, yule alinificha. Nilisikia Ijumaa."

Alimkuna paka nyuma ya sikio.

"Na kuonja?" nikasema. Nilihisi haya, lakini skrubu hiyo nayo ilikuwa mezani. "Mbona hukuonja hata siku moja?"

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu. "Ngano navimbisha tumbo yangu. Toka mtoto. Nikila kidogo, siku mbili nalala. Sasa, Fundi, nani atanunua mkate ya mama ambaye mkate namwua?"

Mkate ulipoiva alitoa kopo, akaligonga kitako, mkate ukatoka. Akamega kipande. Sajini alinyanyua kichwa kutoka kikapuni na kungoja. Mama hakuchovya, hakutupa. Alikitia kinywani mwake, akatafuna polepole, macho yake yakiwa kwenye macho yangu, akameza.

"Haya," alisema. "Iko salama."

Nikala. Sikuhisi harufu ya kitu chochote ila mkate.

Asubuhi yake alikuwa hawezi kuinuka, na watu waliokuwa na mkokoteni walimpakia pamoja na kikapu kuelekea ndani ya Kongo. Sikumwona tena.

Nina daftari jingine sasa. Naandika ubovu wa redio na namba niliyoibandika mgongoni mwake, basi. Mshale nauzungusha hadi mwisho kabla ya kuifungua, na jina la mtu siandiki. Ndiyo maana hata humu sikumtaja yeyote. Lakini jina lake nililichafua kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kutoka Arua mpaka Koboko, na sijui namna ya kulisafisha bila kuliandika.